Bei ya Simu na Udongo wa Nyumbani

Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 swali moja limekuwa likinifuata kila nitokapo kanisani: je, mtu anunue simu mpya sasa, kabla bei haijapanda tena, au aivumilie ile aliyo nayo? Wanaoniuliza hudhani kwamba mwalimu wa hesabu hawezi kukosa jibu. Jibu la hesabu ninalo, nami nitalitoa hapa pamoja na tarakimu zake. Lakini sisi tuliozaliwa Masisi, pamoja na wenzetu wa Walikale, hatuwezi kuliuliza swali hili kama anavyoliuliza mtu wa Paris au wa Nairobi. Kwao simu hutoka dukani. Kwetu hutoka kwanza mlimani, huzunguka dunia, kisha huturudia pale Birere ikiwa ndani ya boksi, kwa bei ambayo mchimbaji wake hana uwezo wa kuilipa.

Nianze na simu yangu mwenyewe. Niliinunua Desemba 2019, hapo hapo Birere, kwa dola 95. Kioo chake kimepasuka pembeni, betri ilikuwa imefikia kuzimika kabla ya saa sita za mchana, na kila asubuhi hunitangazia kwamba nafasi imekwisha. Wengi wangekwisha kuiacha. Lakini simu hii, ambayo huku kwetu tumezoea kuiita Androide hata kama hatujui neno lenyewe lina maana gani, imebeba kazi tatu nzito. Ni benki, kwa maana benki za Goma zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipotwaliwa na M23, na tangu hapo mishahara, karo na michango ya vijana hupita zaidi katika simu. Ni daftari, kwa maana humo nimeandika majina ya familia zilizotoka Masisi na kupokelewa parokiani kwetu: nani anakaa kwa nani, nani amerudi kijijini, mtoto gani bado hajaonana na wazazi wake. Tena ni sauti ya dada yangu mkubwa aliyeolewa Walikale. Njia ya kutoka Goma kupita Sake, Masisi na Nyabiondo hadi kwake si njia ya kwenda kumsalimu mtu Jumapili na kurudi. Sauti hupita pale ambapo mwili hauwezi kupita.

Mwezi wa kumi na moja muuzaji aliniambia kwamba simu ya daraja lile lile la yangu, lakini ya kisasa, ni dola 120. Baada ya Noeli ikawa 135. Baada ya Pasaka nikaikuta 155, katika boksi lile lile, yenye rangi ile ile. Nilimuuliza sababu, nikitazamia kusikia habari za mipaka, za barabara na za uwanja wa ndege uliofungwa. Akanijibu kwa neno moja: memwari. Nilidhani ananizungusha, kumbe alikuwa akisema kweli. Tangu nusu ya pili ya mwaka 2025 viwanda vichache vinavyotengeneza chipu za kumbukumbu, hasa Samsung na SK Hynix za Korea ya Kusini pamoja na Micron ya Marekani, vimeelekeza sehemu kubwa ya kazi yao kwenye mashine za akili bandia, kwa sababu wenye mashine hizo hulipa vizuri zaidi. Chipu za simu zikawa adimu, bei yake ikapanda. Na pigo hilo huziumiza zaidi simu za bei ndogo, maana katika simu ya namna hiyo chipu ya kumbukumbu huchukua sehemu kubwa ya gharama yote, na mtengenezaji hana faida nene ya kupunguza. Tajiri atalipa kidogo zaidi kwa simu yake ya dola 1,000 wala asione tofauti. Mwalimu wa Goma ataiona.

Ni vema jambo hili lieleweke, kwa kuwa wengi kati yenu mmeniambia kwamba bei imepanda kwa sababu ya vita vya kwetu. Wazo hilo lina mantiki ya moyo: wanaoumia Rubaya ni ndugu zetu, basi angalau dunia ingeyahisi maumivu hayo mfukoni. Sivyo. Koltani ichimbwayo katika milima ya Rubaya, kule Luwowo na Bibatama, hutoa tantali, metali inayotumika katika vifaa vidogo mno vinavyotunza umeme na kuutoa kwa kipimo ndani ya simu. Inakadiriwa kwamba Rubaya peke yake hutoa karibu asilimia 15 ya tantali yote ya dunia. Lakini kiasi kinachoingia katika simu moja hakijazi hata ncha ya kijiko cha chai, na thamani yake ni senti tu katika zile dola 155. Bei ya madini inaweza kuongezeka maradufu, na mnunuzi wa Birere asijue lolote. Kinyume chake pia ni kweli, na hapo ndipo penye uchungu: bei ya simu inaweza kupanda kwa dola 35 katika nusu mwaka, na mtu aliye ndani ya shimo la Rubaya asipate hata faranga moja ya nyongeza.

Kuna waliopata. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwishoni mwa mwaka 2024 kwamba M23, iliyoitwaa Rubaya karibu na mwisho wa Aprili mwaka ule, ilikuwa ikikusanya takriban dola 800,000 kila mwezi kwa kuitoza ushuru koltani ya pale. Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu tarakimu hiyo waigawanye kwa bei ya simu yangu ya mwaka 2019. Walipata zaidi ya simu 8,400 kwa mwezi. Hakuna aliyecheka.

Wazee wetu wanaikumbuka Masisi ya ng'ombe na jibini. Mwaka 2000 bei ya tantali duniani ilipanda ghafla mara kadhaa, na mwaka uliofuata ikaanguka. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka jinsi mashamba ya maharagwe yalivyobaki bila mkulima kwa kuwa vijana wote walikuwa wamekwenda kuchimba, na jinsi walivyorudi bei ilipoanguka, wengine wakiwa na redio mpya, wengi wakiwa na kikohozi. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupungua kwa sababu ya vita vilivyotangulia. Baba yangu alizoea kusema kwamba ng'ombe ukimla umekula mara moja, lakini ukimkamua unakula kila siku. Wala hakuwa akizungumzia ng'ombe tu.

Walikale nayo ina habari zake. Katika mlima wa Bisie kasiteriti iligunduliwa mwaka 2002, na kwa miaka mingi wabebaji walipita katika msitu kwa miguu, zaidi ya kilomita 40, kila mmoja na mfuko wa kilo 50 mgongoni, wakilipa kila kizuizi chenye mwenye bunduki, hadi Ndjingala. Kutoka hapo mzigo ulifika Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami kwa kukosa uwanja. Kasiteriti ndiyo mama wa bati, na bati ndiyo inayounganisha vipande vyote vya simu; bila bati simu ni makombo ndani ya sanduku. Siku hizi Bisie ina mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin, ulioanza kutoa madini mwaka 2019 na kufikia zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, karibu asilimia 6 ya bati ya dunia. Vita vilipoikaribia Walikale katikati ya Machi 2025 kazi ilisimamishwa, na masoko ya bati ya mbali yakashtuka siku ile ile. Mwezi wa Aprili wapiganaji walirudi nyuma, kazi ikaanza tena. Dada yangu na watoto wake walikuwa msituni siku zile. Soko lililoshtuka kwa ajili yao sikulisikia.

Tulipolizungumza jambo hili katika mkutano wa vijana, kijana mmoja alisimama akasema kwamba, kwa kuwa ni hivyo, Mkristo asinunue simu mpya hata kidogo, maana kununua simu ni kununua damu ya ndugu. Alisema kwa ukali unaopendeza. Aliutaja waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, ambamo Papa Fransisko alikemea tabia ya kutumia vitu na kuvitupa, na akatukumbusha ziara yake ya Kinshasa ya mwaka 2023. Wengi walipiga makofi. Ndipo msichana mmoja, asiyezoea kusema, akauliza kwa sauti ndogo: "Na kaka yangu aliye Luwowo, mkikataa kununua, atawalisha watoto wake nini?" Makofi yakaisha.

Swali lake lina historia, na wakubwa wa Walikale wanaijua vizuri. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka kampuni kuchunguza na kutangaza kama madini yao yanatoka katika vita vya Kongo. Septemba mwaka ule ule Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na amri hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Nia zilikuwa njema, au angalau zilitangazwa kuwa njema. Lakini wanunuzi wengi waliona ni rahisi zaidi kutukimbia kuliko kutuchunguza. Ndege zikapungua Walikale, na pamoja nazo chumvi, sabuni na dawa ambazo ndege hizo zilizileta kabla ya kupakia madini. Wenye silaha hawakufa njaa. Walihamia kwenye dhahabu, mbao na makaa. Baadaye vikaja vibandiko vya kutambulisha kila mfuko umetoka shimo gani. Vilisaidia mahali fulani, na mahali fulani mfuko wa shimo moja ulivalishwa kibandiko cha shimo jingine. Kwa hiyo nilimwambia kijana wetu kwamba ukali wake naupenda, lakini mwalimu wa Goma akikaa na simu iliyopasuka, Rubaya haitakuwa huru kwa sababu hiyo. Nguvu ya kudai ukweli kuhusu asili ya madini iko kwa wanaonunua kwa tani na kwa serikali zinazowasimamia, si kwa anayenunua kifaa kimoja kila baada ya miaka sita. Sisi tulio wadogo tunalo eneo letu dogo, nalo ni kutumia vizuri kile ambacho kimekwisha kuchimbwa.

Hapo ndipo hesabu inaporudi. Yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka alikaa kwanza akahesabu; nasi tukae.

Simu ya dola 155, ikitunzwa, naikadiria miaka 4, yaani miezi 48. Gharama yake ni dola 3 na senti 23 kwa mwezi. Ile ya bei ndogo zaidi, ya dola 85, ambayo vijana wengi huikimbilia, nimeiona mikononi mwa wenzangu: kumbukumbu yake hujaa mapema, na baada ya mwaka mmoja na nusu mwenyewe anatafuta nyingine. Hiyo ni dola 4 na senti 72 kwa mwezi. Tazameni vizuri: iliyo rahisi ndiyo ghali. Kuitengeneza ya zamani, kwa upande wangu, ni dola 9 za betri na dola 14 za kioo, jumla 23. Fundi akiniambia kwamba itaendelea miezi 18, gharama ni dola 1 na senti 28 kwa mwezi.

Mtaniambia: lakini baada ya miezi hiyo 18 bei itakuwa imepanda tena, nawe utajuta. Hata hilo linahesabika. Kama nikinunua leo, miezi 18 ya matumizi itanigharimu kama dola 58. Nikitengeneza, nalipa 23. Tofauti ni dola 35. Maana yake, bei ya 155 ingepaswa kupita 190 ndipo kungoja kuwe hasara. Yaweza kutokea, ilipanda kwa kiasi hicho hicho katika nusu mwaka uliopita. Lakini viwanda vya chipu hujengwa, na uhaba wa namna hii umewahi kuja na kupita. Jambo ambalo halipiti ni hili: ikiwa simu ya zamani itakufa baada ya miezi 6, zile dola 23 zitakuwa dola 3 na senti 83 kwa mwezi, na kungoja kutakuwa kumenishinda. Kwa hiyo swali lenye uzito si bei itakuwaje. Swali ni simu yenyewe ina uzima gani ndani yake, na anayeweza kulijibu ni fundi anayeifungua, si muuzaji, wala rafiki mwenye simu mpya.

Yapo mambo ambayo yangenilazimisha kununua hata kama hesabu inakataa. Betri ikivimba, usiitoboe, usilale nayo, usiendelee kuichaji. Mpelekee fundi siku hiyo hiyo. Simu iliyo na mfumo wa zamani mno nayo huachwa njiani: tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi tena katika Androide ya toleo la 4.4 na yaliyo chini yake, na waliokuwa nazo waliamka wakakuta vikundi vyao vyote vimenyamaza. Yangu ni ya toleo la 9, bado inakubalika. Hata hivyo haijapokea marekebisho ya usalama kwa miaka kadhaa, na hilo silichukulii kimzaha kwa kuwa pesa za watu zinapita humo. Dawa niliyoipata ni ya bei ndogo: laini ya pesa nimeihamishia katika simu ya tochi. Huduma ya pesa ya simu hufanya kazi kwa kubonyeza namba, haihitaji Androide wala mega, na simu ya tochi hukaa na chaji siku tatu au nne. Aliyeniambia kwamba benki yangu inahitaji kioo kikubwa hakuwa ameifikiri vizuri. (Wakubwa watakumbuka ile kodi ya simu ya mwaka 2020, iliyokuwa ikikata uniti zetu: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, dola 1 kwa simu ya kawaida, hadi ilipofutwa mwaka 2022. Wakati ule pia waliokuwa na simu ya tochi walicheka kidogo.)

Ilibaki njia ya kati, ile ambayo wengi huiona ndiyo ya busara: kununua iliyokwisha kutumiwa. Hapa nataka nikae kidogo.

Kijana mmoja wa sokoni aliniletea simu nzuri mno, ya daraja ambalo lingenipita hata ningeweka akiba miaka miwili. Bei, dola 60. Haikuwa na boksi wala chaja. Nilipoiwasha nilikuta kwamba haikuwa imefutwa vizuri: kwenye kioo, nyuma ya alama zote, kulikuwa na picha ya watoto watatu waliovaa sare za shule, wamesimama mbele ya nyumba ya mbao yenye bati jipya, nyumba kama zile za kwetu kule juu. Mdogo alikuwa amefumba macho kwa ajili ya jua. Nilimuuliza kijana ameipata wapi. Akasema, "Kwa mtu." Nikamuuliza mtu huyo yuko wapi. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu asiyejua bei za mjini, akasema kwamba nisipoichukua, mwingine ataichukua kabla ya saa kumi.

Alisema kweli. Lakini Machi 2025, katika njia ya kukimbilia msituni, simu ya dada yangu ilichukuliwa mikononi mwake. Ilikuwa na picha zote za harusi yake na sauti ya mama yetu marehemu akimwimbia mjukuu. Nayo pia, mahali fulani, ilisemwa kuwa imetoka "kwa mtu". Sisemi kwamba kila simu iliyotumika imeporwa. Wapo wauzaji waaminifu, wenye risiti na wenye duka linalojulikana. Nasema tu kwamba katika nchi ambayo watu wamekimbia mara nyingi kama yetu, bei iliyo chini mno ina historia, na ni halali kuiuliza. Bonyezeni *#06# mlinganishe namba inayotokea na ile iliyo kwenye boksi. Simu ikidai akaunti ya mwenyewe wa kwanza, irudisheni. Isipokuwa na boksi na mwenye kuiuza hana jina wala mahali, mrudishieni mkononi. Nilimrudishia yule kijana, na nikaondoka nikiwa na uso wa yule mtoto aliyefumba macho. Mpaka leo sijui kama ningefanya vizuri zaidi kuinunua na kuwatafuta wenyewe. Rafiki yangu padre, nilipomweleza, alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza: "Ungeanzia wapi?"

Fundi wangu ana meza chini ya mwavuli, taa moja, na kioo cha kukuza anachokivaa kichwani kwa uzi. Aliifungua simu mbele yangu, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: hapa kuna kutu kidogo, hapa ni salama, hapa pamewahi kuingia maji lakini pamekauka. Madoa madogo meupe yanayong'aa ndiyo bati. Vile vipande vya manjano na vyeusi, vidogo kuliko mbegu ya ulezi, alisema baadhi yao vina kitu cha Rubaya ndani. Hajui ni vipi, wala mimi sijui. Mwenye kiwanda mwenyewe huenda asijue. Nilimwuliza swali langu la miezi 18. Hakuniahidi. Alisema mwaka mmoja ana uhakika, na baada ya hapo tumwombe Mungu na tuiepushe na mvua. Mwaka mmoja kwa dola 23 ni dola 1 na senti 92 kwa mwezi. Nikamwambia afunge.

Kioo nilikiacha kwanza, ufa wenyewe hauzuii kusoma. Nilinunua betri tu, na kadi ndogo ya kumbukumbu ya dola 6, nikahamishia humo picha zote za ubatizo na harusi ambazo mmekuwa mkinitumia bila huruma. Daftari la familia za Masisi nimeliandika pia katika daftari la karatasi, kwa mkono, nakala mbili, moja iko kwa katibu wa parokia. Hilo halikuhusu bei. Ni kwa sababu majina ya watu hayafai kukaa mahali pamoja panapoweza kuporwa.

Nilikuwa na akiba ya dola 140. Baada ya betri na kadi zilibaki 125. Dola 40 nilimtumia dada yangu. Alinunua simu ya tochi pale pale Walikale kwa dola 18, na zilizobaki zikawa za chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Wa kwanza kuniita kwa simu hiyo alikuwa mpwa wangu wa miaka tisa, aliyetaka kujua kama kweli mjomba ana simu yenye picha zinazotembea. Nilimwambia ninayo, lakini ina ufa.

Dola 85 zimebaki. Dada ananiambia kwamba malori ya bati yanapita tena, na kwamba mtandao kwao hupatikana vizuri zaidi mtu akipanda kidogo juu ya kilima, upande wa mahindi, jioni kabla ya mvua. Sasa huniita kila Jumapili saa kumi na moja. Betri mpya hufika hadi saa tatu za usiku. Mwezi wa kumi nitapita Birere kuuliza bei tena, na atakayetaka kujua nimeambiwa nini aniulize baada ya Misa ya pili.